Barabara na Número: Uhakiki wa Somo la Mkazo kwa Msikilizaji wa Arua na Koboko

Utangulizi

Karibu kila mwanafunzi wa isimu ya Kiswahili amekutana na neno barabara katika somo la mkazo. Mwalimu huliandika ubaoni mara mbili na kuweka alama juu ya irabu tofauti: barabára, yaani njia kuu, barábara, yaani sawasawa au ipasavyo. Kisha hutoa hitimisho kwamba mkazo katika Kiswahili hubadilisha maana ya neno. Mtihani unapokuja na kudai mifano, mwanafunzi huandika barabara, huongeza walakini (walákini, kwa maana ya "lakini", na walakíni, kwa maana ya "kasoro"), kisha kalamu husimama. Mifano imekwisha.

Makala haya yanahakiki somo hilo. Sisemi kwamba mfano wa barabara ni wa uongo. Jozi hiyo ipo. Ninachosema ni kwamba somo linauelezea mkazo wa Kiswahili kana kwamba ni mkazo wa Kihispania, lugha ambayo kweli hutenganisha maneno yake kwa mkazo. Mkazo wa Kiswahili una kazi nyingine, na kazi hiyo ndiyo isiyofundishwa. Kosa hili huenda lisimsumbue sana mwanafunzi aliyezaliwa Tanga au Mombasa, kwa sababu amekwisha kujua kusikiliza Kiswahili kabla ya kuingia darasani. Linamsumbua yule anayekuja na sikio lililolelewa na lugha nyingine, na hapa nitamchukua msikilizaji wa West Nile nchini Uganda: mtu wa Inde, wa Arua mjini au wa Koboko.

Nina sababu mbili za kumchagua. Kwanza, Kiswahili si kigeni kwake. Kiliingia huko pamoja na jeshi tangu enzi za King's African Rifles, kikasikika kambini na sokoni, na mwaka 1973 Idi Amin, ambaye jina lake halitengani na Koboko, alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Pili, sasa kinaingia darasani kwa nguvu mpya. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kikubali kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maana yake ni kwamba watoto wengi wa West Nile watapimwa kwa Kiswahili cha darasani, na sehemu ya kipimo hicho ni kusikiliza na kutamka. Nimesikia mara nyingi wanafunzi wa kaskazini-magharibi wakiambiwa kwamba Kiswahili chao "kinaimba". Kabla ya kukata alama kwa sababu hiyo, inafaa tujue ni nini kinachoimbwa, na kwa nini.

Lugha ambayo mkazo wake hutenganisha maneno

Kihispania kinafanana na Kiswahili kwa jambo moja linaloonekana mara moja: kina irabu tano, i, e, a, o, u. Irabu hizo hazififii zinapokosa mkazo. Katika Kiingereza, irabu isiyo na mkazo mara nyingi hupoteza sura yake, hivyo msikilizaji anaweza kuitambua silabi yenye mkazo kwa kusikia tu ni irabu ipi iliyobaki nzima. Katika Kihispania, kama katika Kiswahili, a hubaki a. Msikilizaji anayetaka kujua mkazo uko wapi hana budi kusikiliza mambo mengine: kupanda kwa sauti, urefu wa irabu na nguvu ya kutamka.

Naye analazimika kusikiliza, kwa sababu mkazo wa Kihispania unaweza kukaa kwenye yoyote kati ya silabi tatu za mwisho, na maana hufuata. Número ni nambari. Numero ni "ninatia nambari", mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Numeró ni "alitia nambari". Papa ni kiazi huko Amerika ya Kusini, lakini papá ni baba. Ukubwa wa jambo hili hauonekani katika maneno mawili matatu ya kuchekesha. Unaonekana katika vitenzi. Hablo ni "ninazungumza" na habló ni "alizungumza". Canto ni "ninaimba" na cantó ni "aliimba". Kundi kubwa kuliko yote la vitenzi vya Kihispania hufuata mtindo huo. Ukikosea mkazo, mtendaji amebadilika kutoka mimi hadi yeye, na wakati umebadilika kutoka sasa hadi uliopita.

Ndiyo maana sikio la Mhispania limefundishwa na lugha yake kuuchukua mkazo kama sehemu ya neno. Mwaka 2001 Salvador Soto-Faraco, Núria Sebastián-Gallés na Anne Cutler walichapisha majaribio waliyofanya na wasikilizaji wa Kihispania. Msikilizaji alisikia kipande tu cha neno, kwa mfano princi-, ambacho kinaweza kuwa mwanzo wa príncipe (mwana wa mfalme) au wa principio (mwanzo). Kisha aliona neno zima na kutakiwa kuamua upesi kama ni neno la kweli. Mkazo wa kipande ulipokuwa wa neno lile jingine, uamuzi wake ulichelewa. Ilikuwa hivyo hivyo pale irabu ilipokuwa ya neno jingine. Kwa sikio hilo, kukosea mkazo ni sawa na kukosea irabu.

Hii ndiyo picha ambayo somo la barabara linatuchorea, ila linatuchorea katika lugha isiyo yake.

Masikio yasiyosikia mkazo

Miaka minne kabla ya utafiti huo, yaani mwaka 1997, Emmanuel Dupoux na wenzake walikuwa wamewalinganisha wasikilizaji wa Kihispania na wa Kifaransa. Walitumia maneno ya kubuni yasiyo na maana katika lugha yoyote kati ya hizo mbili, yaliyotofautiana kwa mahali pa mkazo tu. Msikilizaji alisikia maneno matatu, kisha akasema kama la tatu linafanana na la kwanza au na la pili. Wahispania hawakupata taabu. Wafaransa walipata taabu kubwa. Katika Kifaransa mkazo hukaa mwishoni na hautenganishi neno na neno, kwa hiyo msikilizaji hana sababu ya kuuhifadhi akilini. Watafiti waliuita hali hii "uziwi" wa mkazo, na wakaliweka neno uziwi ndani ya alama za kunukuu, kwa sababu sikio lenyewe halina ugonjwa. Jaribio liliporahisishwa hadi mtu akaweza kulinganisha sauti mbili tu moja kwa moja, Wafaransa walifaulu. Sauti wanaisikia, hawaiweki katika kumbukumbu ya neno.

Mwaka 2002 Sharon Peperkamp na Dupoux waliipanua hoja kwa lugha nyingine. Kifinlandi na Kihangari, ambazo huweka mkazo kwenye silabi ya kwanza, ziliangukia upande wa Kifaransa. Kipolandi kilikaa katikati. Kipolandi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache, mengi yakiwa ya kukopwa.

Mwanafunzi wa Kiswahili anapaswa kusimama hapa na kusoma sentensi hiyo ya mwisho mara ya pili. Silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika maneno machache ya kukopwa: hiyo ni kanuni yetu. Kiswahili hakikuwamo katika orodha ya lugha zilizopimwa, lakini kama nadharia ni sahihi, utabiri wake kwa Kiswahili uko wazi. Msikilizaji aliyelelewa na Kiswahili peke yake anapaswa kuwa karibu na Mpolandi, tena pengine karibu na Mfaransa kuliko na Mhispania. Anajua mkazo utakaa wapi kabla hajausikia, kwa hiyo hana haja ya kuukumbuka.

Huo ni utabiri, na mimi siugeuzi kuwa matokeo. Lakini unatosha kulitia somo la barabara mashakani. Msemaji wa Kiswahili anaposikia "barabara ya Vurra hadi Oraba inapita Arua na Koboko", hahitaji mkazo kujua kwamba tunazungumzia njia. Nomino ipo, ngeli ipo, kihusishi kipo. Anaposikia "fundi ameifanya kazi barabara", nafasi ya neno baada ya kitenzi na yambwa inatosha. Jozi tunayoitumia kuonyesha kazi ya mkazo ni jozi ambayo sarufi imekwisha kuitenganisha kabla mkazo haujafika.

Masikio ya Arua na Koboko

Sasa tuende West Nile. Somo linalodhani kwamba msikilizaji ni mmoja na sikio ni moja linashindwa kabisa huko, kwa sababu katika soko moja la Arua kuna angalau masikio ya aina tatu.

La kwanza ni la Mlugbara. Kilugbara ni lugha ya jamii ya Sudani ya Kati, ndugu wa Kimadi. Ni lugha ya toni: silabi zilezile zikipanda au zikishuka kwa namna tofauti huwa maneno tofauti. La pili ni la Mkakwa wa Koboko, ambaye lugha yake ni ya Kiniloti ya Mashariki, ndugu wa Kibari cha Sudan Kusini. Hiyo nayo ni lugha ya toni. Kwa wasikilizaji hawa, kupanda kwa sauti ndani ya neno si pambo. Ni sehemu ya neno kama konsonanti ilivyo.

La tatu ni la Mnubi. Wanubi wa Uganda ni uzao wa askari wa Emin Pasha, ambao Frederick Lugard aliwachukua kutoka eneo la Ziwa Albert mwaka 1891. Lugha yao, Kinubi, ni krioli iliyotokana na Kiarabu. Kwa mada yetu ni lugha ya kustaajabisha, kwa sababu hutumia mkazo katika sarufi ya kitenzi. Kátulu, mkazo ukiwa mwanzoni, ni "ua". Katulú, mkazo ukihamia mwishoni, ni "uawa". Kazi ambayo Kiswahili huifanya kwa kiambishi -w-, kama katika piga na pigwa, Kinubi huifanya kwa kuhamisha mkazo. Mtu aliyekua akitofautisha muuaji na aliyeuawa kwa mahali pa mkazo hawezi kuwa kiziwi wa mkazo. Katika jambo hili Mnubi wa Arua yuko karibu na Mhispania wa Madrid, mwenye hablo na habló, kuliko alivyo karibu na Mswahili wa Unguja.

Tukiyaweka masikio haya matatu pamoja, tunaona kwamba tatizo la mwanafunzi wa West Nile haliwezi kuwa kushindwa kusikia. Linaelekea kuwa kinyume chake: anasikia kingi, na anakipa kazi ambayo Kiswahili hakikukipa. Tunajua kutokana na maneno ya mkopo kwamba wasemaji wa lugha za toni huelekea kuusikia mkazo kama toni ya juu. Hivyo ndivyo maneno mengi ya Kiingereza yalivyoingia katika Kiyoruba na Kihausa. Ikiwa Mlugbara au Mkakwa hufanya vivyo hivyo, basi anaposikia sóma huhifadhi neno lenye toni ya juu kwenye so-. Ni uamuzi wa busara kwa mujibu wa lugha yake. Lakini mkazo wa Kiswahili haukai na mzizi. Huhama kila kiambishi kinapoongezwa mwishoni: sóma, someni hugeuka soméni, kitábu, kitabuni hugeuka kitabúni, píga hugeuka pigána, kisha piganéni. Aliyeihifadhi toni pamoja na mzizi atasema sómeni, na mwalimu atasema kwamba anaimba.

Hapo ndipo somo la barabara linapoleta madhara. Linamwambia mwanafunzi huyu kwamba amefikiri sawasawa: kwamba mkazo ni mali ya neno, uhifadhi pamoja na maana yake. Badala ya kumwondoa katika tabia ya lugha yake, linamthibitishia tabia hiyo, kisha linamwadhibu kwa matokeo yake.

Irabu tano na hukumu ya usafi

Jambo hilohilo hutokea katika irabu. Kiswahili kina irabu tano, na vitabu hulitaja hili kama habari njema kwa mwanafunzi: tano tu, kila moja na herufi yake. Kilugbara nacho huandikwa kwa herufi tano za irabu. Ukiangalia maandishi peke yake utadhani hakuna la kujadili.

Maandishi yanaficha mambo. Kilugbara na Kakwa vina irabu zaidi ya herufi zake. Zimegawanyika katika makundi mawili kwa mkao wa shina la ulimi: limesogezwa mbele au halikusogezwa. Kwa sikio la Mkakwa kuna i mbili na u mbili, na irabu za neno moja huelekea kutoka katika kundi moja. Mwalimu mwenye irabu tano peke yake akipelekwa Koboko atasikia i moja mahali ambapo mtoto wa darasa la kwanza anasikia mbili.

Hapa tena Kihispania kinatupa ushahidi. Mwaka 1997 Christophe Pallier, Laura Bosch na Núria Sebastián-Gallés walichunguza watu wa Barcelona wanaotumia Kihispania na Kikatalani kila siku. Kikatalani hutofautisha e mbili. Kihispania kina moja. Wale waliolelewa kwa Kihispania kwanza, hata kama walijifunza Kikatalani wakiwa wadogo na kukisema kwa ufasaha, walishindwa kuzitofautisha e hizo mbili kama walivyofanya wale waliolelewa kwa Kikatalani. Irabu tano za utotoni zilizimeza zile mbili na kuzifanya moja.

Mwelekeo wa ugumu ndio unaotuhusu. Mwenye irabu nyingi anaweza kuzipata tano ndani ya zake. Mwenye tano ndiye anayekosa nyingine. Kwa hiyo mwalimu anapomwambia mwanafunzi wa Koboko kwamba irabu zake "si safi", huenda mwanafunzi ametamka i ya Kiswahili kwa mojawapo ya i zake mbili, na mwalimu amesikia kwamba kuna kitu tofauti bila kuweza kukitaja. Kumwambia "sema vizuri" hakumsaidii. Kumwambia "tumia i hii ya neno lenu fulani, wala si ile" kungemsaidia mara moja, lakini kunahitaji mwalimu anayejua kwamba ziko mbili.

Kazi halisi ya mkazo wetu

Kama mkazo wa Kiswahili hautenganishi neno na neno kwa maana, unafanya nini? Unaonyesha neno linaishia wapi. Kwa kuwa hukaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, msikilizaji anayeusikia anajua kwamba imebaki silabi moja, kisha mpaka. Katika lugha yenye maneno marefu kama yetu, ambamo kitenzi kimoja hubeba nafsi, wakati, yambwa na mnyambuliko, hiyo si kazi ndogo. Mtu asemapo "walituandikisha shuleni", mikazo miwili inamwambia msikilizaji kwamba amepokea maneno mawili, wala si manne.

Jozi za mlinganuo tunazozihitaji basi ziko kwenye mipaka, na ziko nyingi kuliko barabara na walakini. Wanawáke wamefika: neno moja, mkazo mmoja, wamekuja akina mama. Wána wáke wamefika: maneno mawili, mikazo miwili, wamekuja watoto wa mtu. Silabi ni zilezile na irabu ni zilezile. Ndivyo ilivyo kwa sikukúu (Idi au Krismasi) na síku kúu (siku yoyote iliyo kubwa), na kwa hapána (jibu la kukataa) na hápa na (mwanzo wa "hapa na pale"). Hizi si jozi za kutafutwa kamusini. Ni Kiswahili cha kila siku, na makosa yake yanaonekana kila imla inaposahihishwa: mwanafunzi ameandika "wana wake" mahali pa "wanawake", na msahihishaji ameliita kosa la tahajia. Mara nyingi ni kosa la kusikiliza. Hakufundishwa kwamba idadi ya mikazo ndiyo idadi ya maneno.

Mwanafunzi wa West Nile akifundishwa hivyo, uwezo wake wote unageuka faida. Anasikia kupanda kwa sauti vizuri kuliko wengi wetu. Kinachohitajika ni kumwambia kwamba katika Kiswahili mpando huo hauulizwi "neno gani?" bali "neno limeishia wapi?" Zoezi la kwanza liwe la kuhamisha: soma, someni, somesha, somesheni, kwa kupiga kofi kwenye silabi inayobeba mkazo, hadi aone kwa mkono wake kwamba mkazo unaukimbia mzizi. Zoezi la pili liwe la kuhesabu: asikie sentensi, aseme ina maneno mangapi kabla ya kuiandika. Zoezi la tatu liwe la kulinganisha waziwazi: kátulu na katulú kwa Kinubi, piga na pigwa kwa Kiswahili. Mnubi ataona mara moja kwamba alichokuwa akikisikiliza kwenye mkazo, Kiswahili kimekiweka kwenye kiambishi.

Mapingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba katika usemi wa haraka mikazo haibaki wazi. "Wana wake" ikitamkwa upesi, mkazo wa kwanza hupungua, na jozi yangu inaanza kufanana na barabara: muktadha ndio unaoamua. Ninakubali. Hata hivyo tofauti inabaki. Barabara na walakini ni maneno mawili katika kamusi nzima; mipaka ya maneno ipo katika kila sentensi. Kanuni inayosaidia kila sentensi, hata kama si kila mara, ina haki ya kufundishwa kabla ya ile inayosaidia maneno mawili.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Tafiti nilizozitegemea zinagawa wasikilizaji kwa lugha ya kwanza: huyu Mfaransa, yule Mhispania. Mtu wa Arua anaweza kukua na Kilugbara nyumbani, Kinubi kwa majirani, Kiingereza shuleni na Kiswahili sokoni. Sikio lake ni la lugha ipi? Watafiti haohao waliliona swali. Mwaka 2010 Dupoux, Peperkamp na Sebastián-Gallés waliwapima watu waliolelewa kwa Kifaransa na Kihispania tangu kuzaliwa, na kwa jumla wakawakuta kati ya makundi mawili: baadhi walisikia mkazo kama Wahispania, baadhi kama Wafaransa, kwa kutegemea lugha iliyotawala. Lakini hao walikuwa na lugha mbili, zote zenye shule na maandishi mengi, na moja ilikuwa juu ya nyingine. Nadharia inayomtafuta mtawala mmoja ndani ya kila kichwa haijajibu kuhusu mtu ambaye lugha zake nne zina kazi nne. Huu ni udhaifu wa nadharia, na West Nile ni mahali pazuri pa kuupimia. Kijana wa Koboko mwenye Kakwa na Kinubi angeweza kupewa maneno ya kubuni yaleyale waliyopewa Wafaransa. Ninatarajia angewashinda.

Hitimisho

Somo la mkazo kama linavyofundishwa sasa lina jibu sahihi kwa swali lisilo letu. Linauliza kama mkazo unaweza kubadilisha maana ya neno, linapata jozi mbili, na linaishia hapo. Kihispania kinaonyesha lugha inavyokuwa pale swali hilo linapostahili kuulizwa: maelfu ya vitenzi, nafsi na nyakati vikining'inia kwenye silabi moja. Kinubi kinaonyesha jambo hilohilo, tena si Madrid bali Arua, mtaa mmoja na darasa linakofundishwa Kiswahili. Kiswahili kimechagua njia nyingine, na ni haki kukieleza kwa njia yake.

Kwa walimu watakaopelekwa West Nile kutokana na uamuzi wa 2022, ombi ni dogo. Wakiacha barabara na walakini mwisho wa somo, kama mambo ya pekee yanayostahili kutajwa, na wakianza na wanawake na wana wake, hawatahitaji kitabu kipya wala kifaa. Na mwanafunzi atakaposema sómeni, watajua kwamba amesikia vizuri na kukumbuka vizuri, ila ameukumbuka mkazo mahali ambapo Kiswahili hakiuhifadhi. Hilo husahihishwa kwa dakika kumi za kupiga makofi. Kumkatia alama kwa sababu "anaimba" hakusahihishi lolote.